Kiziba cha Baba

Dada yangu mkubwa ana kipaji cha kuitisha vikao. Mtoto akifeli darasani, kikao. Paa likivuja, kikao. Kwa hiyo baba alipookotwa kwa mara ya pili akitembea peke yake kando ya reli, amevaa koti lake la kazi la zamani na mkononi ana fimbo ya kuvulia samaki, nilijua kabla simu haijalia kwamba tunaitwa.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa baba mwenyewe, mtaa wa Katuba, Lubumbashi. Yeye alikaa chumba cha pili, mlango wazi, akisikia kila neno. Mama ametutoka zamani, na tangu hapo baba anaishi peke yake katika nyumba aliyoijenga enzi zake za reli, jirani mmoja akimpikia, mimi nikipita kila jioni nikitoka kwenye cherehani yangu. Dada hakuridhika na mpango huo. Alitaka kumhamishia kwake Naviundu, ambako kuna ukuta, geti na watu wengi wa kumwangalia. Baba hakutaka. Alisema atatoka nyumba ile siku atakapobebwa.

"Papa anasema sasa bitu bile habiko," dada akatuambia, yaani vitu visivyokuwepo, bila hata kushusha sauti. "Anasema anaenda ku kiziba. Kiziba gani? Nani aliiona?"

Kiziba kwetu ni ziwa dogo la porini, maji yanayosimama mahali pamoja mwaka mzima. Baba alikuwa nalo moja, au alisema alikuwa nalo. Yeye na rafiki yake wa kazi, marehemu sasa, walilikuta ujanani walipokuwa kwenye timu ya kutengeneza njia ya reli. Siku za mapumziko walikwenda kuvua kambale. Tena, alisema, walibeba begani taruma moja la chuma, yale yanayolazwa chini ya reli na tunayoyaita traverse, wakaliweka juu ya mawe mawili likawa benchi. Hapo ndipo dada alipocheka. Nani anabeba chuma kizito hivyo hadi msituni ili apate pa kukalia?

Nilikuwa nimepelekwa huko mara moja, mdogo sana, mabegani kwa baba. Nilichokumbuka ni kitu kimoja tu, ubaridi wa chuma chini ya mapaja yangu. Lakini hadithi ya benchi lile nimeisikia mara nyingi mno, na sikuwa na hakika kama ubaridi huo niliupata porini au niliupata mezani, tukila.

"Nitaenda kuangalia," nikasema.

Wakanigeukia wote. Mimi ni fundi wa kushona, kazi yangu ni ya kukaa. Dada alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, kisha akasema mbele ya kila mtu: "Enda. Kama iko, papa atabakia mu nyumba yake na sitaongea tena. Kama haiko, namubeba." Wakaafiki. Hivyo ndivyo nilivyoiweka nyumba ya baba juu ya miguu yangu, ambayo hata kufika sokoni hulalamika.

Jioni ile baba alinielekeza akiwa ameketi wima, bila kusitasita. Ufuate reli kutoka mjini kwenda upande wa mpaka. Upite daraja la kwanza, upite la pili. Reli inapopinda, uingie msituni mkono wa kushoto. Utaona mupundu mmoja wenye panda, mti wa matunda, kisha vichuguu vimesimama pamoja kama wanawake kwenye foleni ya bomba. Toka hapo ardhi inaanza kushuka, halafu matete, halafu maji. Nilimfanya arudie. Akarudia vilevile, neno kwa neno, na hilo lilinifurahisha kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa harudii vilevile.

"Mukono ya kushoto, papa."

"Ya kushoto," akasema. "Hauwezi kupotea."

Ilikuwa mwisho wa Agosti, majani yameungua kila mahali na hewa ina ladha ya moshi. Pikipiki ilinifikisha mahali ambapo nyumba zinaanza kuachana, nami nikapanda juu ya tuta la reli na viatu vya mpira vya jirani, ambavyo vilinizidi. Mataruma ya reli yamepangwa na mtu mwenye kinyongo. Ukikanyaga kila moja unatembea kama bibi harusi, ukiruka moja unachanika msamba. Nilijaribu kutembea pembeni, kwenye kokoto, na kokoto zikaingia viatuni. Sikuwa nimefika hata daraja la kwanza na tayari nilikuwa nimekwisha kasirika.

Kisha wakaja watu. Nilidhani porini mtu hutembea kwa amani, lakini kila niliyekutana naye alitaka kujua. Mwanaume mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makala, yaani mkaa, hadi yeye mwenyewe haonekani, alisimama kabisa, akaegemeza mzigo wake kwenye gongo.

"Papa, uko unaenda wapi?"

"Niko natembea tu."

"Natembea tu?" Alichungulia nyuma yangu. "Na nani?"

"Peke yangu. Niko natafuta kiziba."

"Uko wa sosieté ya madini? Munakuya kupima udongo?"

"Hapana. Niko fundi wa kushona."

Akaitafakari habari hiyo: fundi wa kushona, porini, peke yake, hana jembe wala gunia. Uso wake ukalainika. "Mungu akusaidie, papa," akasema, kwa sauti wanayosemeshwa wagonjwa. Alipoondoka aligeuka mara kadhaa kuniangalia. Hapo nilielewa jinsi baba alivyookotwa. Kwetu mtu akionekana peke yake mahali pasipo na kazi, watu wema wanamrudisha nyumbani.

Daraja la kwanza lilikuwepo, na la pili pia. Reli ikapinda, kama baba alivyosema, na moyo wangu ukachangamka. Nikashuka kushoto.

Hakukuwa na msitu. Kulikuwa na visiki, vingi, vimeungua juu, na kati yake vinjia vyeusi vya vumbi la makala. Nilitafuta mupundu wenye panda. Nilitafuta hata kisiki chenye panda, upuuzi mtupu, kwa sababu mti ukikatwa chini, panda inaondoka nao. Nikasema basi, mti umekatwa, nitafute vichuguu, kichuguu hakichomwi makala. Nikatembea hadi nikasikia sauti za watu, nikakuta kumbe vichuguu navyo vina wateja wake. Vijana na wanawake walikuwa wakivichimba na kufinyanga matofali. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu, kila anayejenga Lubumbashi anajua hilo, na chumba changu cha kushonea kimejengwa nao. Mahali palipokuwa na kichuguu palibaki shimo, na tanuri la matofali likifuka pembeni.

Mwanamke mmoja mwenye matope hadi viwikoni alinijibu bila kuacha kukanda udongo.

"Kiziba? Maji iko mingi hapa."

Akanionyesha. Walikuwa wamechimba mashimo hadi maji, na kila shimo lilikuwa na dimbwi lake. Moja lilikuwa la kijani, jingine la rangi ya chai ya maziwa, na katika jingine watoto walikuwa wakiogeshana.

"Natafuta ya zamani," nikasema. "Iko na traverse ya chuma, ya kukalia."

Wakacheka wote, si kwa ubaya. "Chuma?" akasema yule mwanamke. "Papa, kama ilikuwa chuma, bantu ba mitraille balishaibeba." Na ni kweli, wanunuzi wa vyuma chakavu hawaachi hata kifuniko cha mtaro.

Sikukata tamaa hapo, ingawa ingekuwa heri. Nilizunguka. Nilifuata kila kinjia cha baiskeli, na kila kinjia kilinipeleka kwenye tanuri la makala lililozimika, kisha kikanirudisha kwenye kisiki kilekile ambacho sasa nilikuwa nakichukia kama mtu. Majani yaliyoungua yalinichora suruali mistari myeusi. Kisigino cha kulia kikachubuka, kisha cha kushoto. Nilikula mkate na karanga zangu nimesimama, kwa sababu pa kukaa palikuwa majivu matupu. Na nikamkasirikia baba. Nasema wazi: nilimkasirikia kwa ile sauti yake ya uhakika. Hauwezi kupotea! Niliona jinsi dada alivyokuwa akinionya kwa miezi, nami nikimwita mkorofi, na sasa mimi ndiye niliyekuwa jangwani na viatu vya watu, nikitafuta benchi la mzee aliyeanza kuota akiwa macho.

Nikapanda juu ya kichuguu kilichobomolewa nusu, nikapata mtandao, nikampigia dada, ambaye kwetu kwa ukubwa wake huitwa yaya.

"Yaya, haiko."

Nilitegemea ashangilie. Badala yake akauliza: "Ulitafuta muzuri?"

"Nilitafuta mpaka miguu inatoka damu. Kuko tu mashimo ya briques. Haiko, yaya. Haikukuwa hata siku moya."

"Donc njo vile," akasema polepole. "Bwana yangu iko na gari leo. Tunaweza kuenda kumubeba sasa, hapana kungojea dimanche, siku ya kanisa. Nifanye?"

Kama angeuliza saa moja kabla, au saa moja baadaye. Lakini aliuliza wakati ule, kisigino kinawaka moto na jua liko utosini.

"Fanya vile unaona," nikasema, na simu ikazimika yenyewe, chaji imekwisha.

Nilirudi relini nikachechemea kuelekea mjini. Kidogo mbele kulikuwa na nguzo fupi ya saruji yenye namba ya kilometa, nikaikalia ili nimwage kokoto. Nikavaa, nikaenda, nikafika kwenye nguzo nyingine, nikaketi tena kwa sababu ileile. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilisoma namba. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya nyuma.

Nikaigeukia ile ya nyuma kama iliyoniibia kitu. Nilikuwa nakwenda mjini, nyumbani, na namba zinapanda. Mtu wa mjini hudhani kila kitu kinahesabiwa kuanzia kwake, lakini reli yetu haianzii Lubumbashi. Inatoka kule mpakani, inakuja mjini.

Ndipo nikaikumbuka sauti ya baba, si ya jana, bali ya mezani tulipokuwa watoto, kila tulipobishana kiti cha kushoto ni cha nani. "Mukono yako hapana," alikuwa akisema. "Sema mukono ya njia." Katika timu yao hakuna aliyeruhusiwa kusema kushoto kwake. Wanaume wanafanya kazi wametazamana, mmoja akisema fungua bolti ya kushoto na mwingine akafungua ya kushoto kwake, treni inaanguka. Kwa hiyo kushoto kulikuwa kumoja tu, kushoto kwa njia: unaupa mpaka mgongo, unatazama mjini. Hata akinywa chai, hata akilala, kushoto kwa baba kulikuwa hukohuko. Na mimi nilikuwa nimetoka mjini, nimeupa mji mgongo, nikashuka upande wa kulia wa baba, nikazunguka humo nusu siku nikimtukana. Mimi ambaye kazi yangu ni kugeuza suruali ndani nje, na mfuko wa kushoto kuuona ukihamia kulia mbele ya macho yangu kila siku ya Mungu.

Nilitoa simu. Nyeusi. Niliibonyeza, niliipiga kwenye paja, niliipasha joto mikononi kama wajinga wanavyofanya. Kisha nikasimama kati ya reli na kutazama pande zote mbili. Mjini gari lilikuwa linakwenda kumchukua. Nyuma, kona ya reli bado ilionekana. Nikirudi sasa ningekuwa na maneno tu, na dada hababaishwi na maneno. Nikarudi kwenye kona, nikikimbia kwa namna mtu mwenye visigino vile anavyoweza kukimbia.

Upande wa pili kulikuwa na kijito cha matope ambacho baiskeli haiwezi kukivuka, na ndiyo sababu msitu ulikuwa umebaki. Nilizama hadi magotini. Nilipotoka, mupundu wenye panda ulikuwa umesimama hapo, mkubwa, bila haraka. Vichuguu vilifuata, kwenye foleni yao. Ardhi ikaanza kushuka. Nilipoona matete nilikuwa tayari natukana kwa sauti, bila kujua namtukana nani.

Kilikuwa kidogo. Hasira zote zile kwa ajili ya maji ambayo unaweza kuyazunguka kabla chai haijapoa. Maji yalikuwa meusi na safi, na samaki mmoja aligeuka chini akapotea. Ukingoni, juu ya mawe mawili, lilikuwa taruma la chuma, jekundu kwa kutu, katikati limelainika kwa kukaliwa.

Nikakaa. Ubaridi ukapita kwenye suruali hadi kwenye mapaja, na ulikuwa uleule. Sikuwa nimeuokota mezani. Nililia, kwa hasira zaidi kuliko kwa furaha, kwa sababu sikuwa na hata muda wa kukaa. Nikajaza maji chupa yangu ili niwe na kitu mkononi, nikaondoka.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika Katuba. Mlango wa baba ulikuwa na kufuli. Jirani anayempikia alitoka akijifuta mikono, na katika pembe ya baraza lake niliona fimbo ya kuvulia.

"Balimubeba na gari," akasema. "Alikaa mbele, alikuwa muzuri tu. Ile fimbo alinipatia, alisema haina tena kazi."

Nilipofika Naviundu dada alikuwa getini. Sikumsalimu.

"Yaya, iko. Kiziba iko, traverse iko, nilikaa juu yake. Ni miye nilipita upande ya mubaya."

Alitazama matope kwenye suruali yangu. Dada si mtu wa kukubali haraka, lakini alikubali, niliona usoni. Kisha akajishika shavu.

"Alikatala kuingia mu gari," akasema. "Alishika mulango na mikono mbili, bwana yangu alimuvuta, alishindwa kumutosha. Donc nikamwambia weye ulienda kule, ulitafuta, haukuona kitu. Akaniuliza: ye mwenyewe njo alisema? Nikamwambia, ye mwenyewe. Akaachilia mulango."

Baba alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini kama mgeni. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza yote bila kupumua, daraja, kona, upande niliokosea, upande wa njia. Nilimweleza mupundu ule na panda yake, na vichuguu, na mawe mawili. Alinisikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa mahali panapostahili.

"Papa, nilikaa juu ya traverse. Iko baridi."

"Ni miye nilikuambia habari ya traverse," akasema kwa upole. "Na ya mupundu. Yote ni miye nilikuambia."

"Lakini niliona!"

"Weye haujadanganyaka muntu. Ulisema haiko." Akanipangusa majivu begani. "Hapana kujisumbua juu ya kunifurahisha, mutoto yangu. Kichwa yangu njo ilizeeka."

Dada alikuwa amekuja nyuma yangu. "Papa, iko kweli," akasema. "Nilikuambia vibaya." Baba akamjibu kwa upole uleule kwamba yeye pia asijisumbue, ugali wa leo ulikuwa mzuri, na chumba kina dirisha.

Nikampa chupa. Aliishika, akaigeuzageuza kwenye mwanga uliobaki, maji yakacheza ndani, safi, yasiyo na jina la mahali popote. Kwa kitambo kidogo nilidhani atakunywa.

"Maji iko mingi hapa," akasema, akanirudishia. "Hii, mwangia maua ya dada yako."